Sahani Arobaini Ulizoniachia

Kwamboka,

Keti kwanza. Sijui huko mnakalia nini, lakini habari niliyo nayo haisikilizwi kwa kusimama. Na usinikatize. Ulipokuwa hai hukuwahi kuniacha nimalize sentensi, ulikuwa unanimalizia na unamalizia vibaya. Leo nitamaliza zote mwenyewe.

Tulienda. Ile karamu ya chakula kinacholetwa kidogo kidogo mara saba, tuliyokuwa tunaichekea tukiwa na vumbi la mawe hadi kwenye kope, tuliila. Mimi, Nyaboke na Achieng, tumevaa kama mabibi harusi wa mara ya pili. Na niliharibu. Nakuambia mapema kabla hujasikia kwa mtu mwingine, maana kuna wawili wa hapa Tabaka wamekufuata huko tangu uondoke, na wote wawili walikuwa na mdomo. Niliharibu sahani zetu, kisha nikasimama mbele ya watu nikasema ni mimi. Sasa acha nikueleze polepole.

Hasira yangu ilianzia kwenye mazishi yako. Fundi Mogaka alipewa nafasi aseme kwa niaba ya banda letu la wachonga mawe, kwa kuwa ndiye mwenyekiti. Akavua kofia, akakohoa kile kikohozi chake cha mikutano, akasema ulikuwa mke wa heshima, mshiriki mwaminifu wa kanisa, na mpiga msasa hodari ambaye banda halitapata mwingine kama yeye. Mpiga msasa. Kwamboka, miaka minne ulikuwa unachonga! Panga lako lilikuwa na mpini uliofungwa kitambaa cha buluu na kila mwanamume pale bandani alijua ni lako. Lakini kwetu mwanamume anachonga, mwanamke anaosha, anapiga msasa, anapaka polishi. Mwanamke akishika panga kwenye jiwe wanasema anacheza, hata acheze hadi sanduku la kwenda ng'ambo lijae.

Nilitaka kusimama pale pale kando ya kaburi nimsahihishe. Sikusimama. Nilimwona mumeo ameinamisha kichwa, nikamwona pasta anatazama saa, nikameza. Nilijiambia basi, sahani zitasema kwa niaba yangu. Zikitoka vizuri, hakuna atakayekuita mpiga msasa tena.

Unaikumbuka siku yule kijana wa Nyamache alipokuja bandani? Amerudi kutoka kupika kwenye mahoteli ya nje, anafungua mkahawa wa watu wenye nafasi pale mjini Kisii, ghorofa ya tatu, na wafanyakazi wake wote wanamwita Shefu. Wanaume wakamletea viboko, twiga, wapenzi waliokumbatiana. Anatikisa kichwa tu. Wewe ulikuwa umekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, unakula obokima, ugali wetu wa wimbi, na mboga chungu ya chinsaga kwenye sahani uliyojichongea, na hukujua hata kama kuna mgeni. Akaja akainama, akaishika sahani yako kwa chini bila kuomba ruhusa. Ukamwambia, "Kijana, hiyo ni chakula yangu." Akasema bado ina moto. Ukamjibu kwamba uliiweka juu ya makaa saa nzima iliyopita, na jiwe la sabuni halisahau moto upesi. Basi, ndivyo tulivyopata kazi ya sahani arobaini, wewe ukiwa na tonge mkononi. Sahani yako mwenyewe akaondoka nayo kwenda kuijaribu kwenye oveni, ukabaki na mboga kwenye kifuniko cha sufuria.

Ulinichukua mimi. Ungeweza kumchukua yeyote. Nilikuwa nimepiga msasa miaka ishirini, mikono hii inajua kumaliza kazi ya mtu mwingine, haijui kuianza. Ulinifundisha kugonga jiwe kwanza na kusikiliza, maana lenye ufa hulia kama chungu kilichopasuka. Ulinifundisha kulilowesha ili lisinishinde nguvu. Sahani yangu ya kwanza uliiweka juu ya benchi ikacheza kama mlevi, ukaitupa kwenye rundo la vifusi bila kuniambia pole, na ya pili hivyo hivyo, na ya tatu. Ya nne uliigeuzageuza, ukanirudishia, ukasema, "Kwenye hii hata mtu anaweza kuwekewa chakula." Nilitabasamu kutwa nzima hadi mume wangu akaniuliza nimeokota nini.

Halafu miguu yako ikaanza kuvimba. Ukasema ni kwa kukaa sana. Nikakuambia hata mimi nakaa na yangu haijavimba, ukanijibu yangu ni ya mfupa mtupu, itavimba nini. Hivyo ndivyo ulivyokuwa unanyamazisha watu. Ulipolazwa tulikuwa tumebakisha sahani kumi na moja.

Sasa hili linalofuata sijamwambia mtu yeyote, hata Achieng. Siku ya mwisho nilipokuja hospitalini uliongea muda mrefu kuhusu sahani. Ulishika kidole changu, ukasema mambo ya kumalizia, ukasema mafuta. Mafuta ya kupikia tu, Moraa, mara tatu, na uyaache yanyonywe. Mimi nilikuwa natazama mikono yako. Ilikuwa safi. Sikuwahi kuona mikono yako ikiwa haina vumbi, hata kanisani ulikuwa na mstari mweupe chini ya kucha, na pale kitandani nikajua kwamba mtu ambaye mikono yake imekuwa safi hivyo harudi bandani. Nikaitikia ndiyo, ndiyo. Sikusikia kitu. Wewe ulikuwa unanipa kazi na mimi nilikuwa nakuaga.

Zile kumi na moja nilizimaliza peke yangu. Wacha nijisifu kidogo kwa kuwa hupo wa kunisifu: hakuna iliyoyumba. Alhamisi kabla ya kuzipeleka mjini nilizipanga zote arobaini kwenye turubai. Zilikuwa sawa lakini zimefifia. Unajua jiwe lililopigwa msasa bila kupakwa chochote linavyokuwa, kama uso wa mtu aliyeamka na homa. Nikawafikiria watu watakaokuja, Fundi Mogaka akiwa mmoja wao, maana Shefu alimwalika kwa heshima ya banda. Nikakufikiria wewe. Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye kopo la polishi. Miaka ishirini ya kiboko, polishi, twiga, polishi, wapenzi, polishi. Nilipaka, nikasugua kwa kitambaa hadi nikayaona meno yangu ndani ya sahani. Nikafurahi. Nilidhani nakupa heshima.

Polishi ya sakafu, Kwamboka, kwenye sahani ya kuingia oveni. Mtu mwingine yeyote angeuliza. Sisi wa banda hili ndio hatuwezi kuona jiwe limemalizika bila kulipaka.

Jumapili saa kumi na moja jioni tukapanda zile ngazi. Nyaboke, mwenzetu wa msasa, Msabato wako wa Nyaramba asiyeamini chakula cha watu, alikuwa amebeba ndizi za kuchemsha kwenye mkoba kwa sababu alisikia chakula cha huko ni cha kuonja. Achieng alivaa lile gauni la zambarau na viatu vya kuazima vilivyomfanya atembee kama anakanyaga mayai. Kwa kuwa yeye ndiye anayemuuzia Shefu samaki kutoka ziwani, alijiona mwenyeji, anawasalimia wahudumu kwa majina na kutuonyesha choo kabla hatujauliza.

Meza ilikuwa na kitambaa cheupe, uma tatu kila mtu, visu viwili na vijiko sijui vingapi. Nyaboke akauliza kama kuna wengine watakaa nasi. Kwanza kikaja kipande cha ndizi mbivu, kimoja, kimezungushiwa unga wa wimbi na kukaangwa, kimekaa katikati ya sahani kubwa kama mtoto aliyepotea sokoni. Nyaboke akakitazama, akainua sahani akatazama chini yake. Achieng akamwambia ale, mengine yako njiani. Ikaja chinsaga iliyolazwa kwenye maziwa siku tatu kama mama zetu walivyofanya, kijiko kimoja tu juu ya kipande chembamba cha mkate mkavu kinachovunjika. Uchungu wote umeisha, imebaki ladha. Nilifunga macho. Ikaja supu ya malenge kwenye vikombe vya kushikwa kwa vidole viwili, na wakati huo Nyaboke alikuwa amemwita mhudumu na kumuuliza kwa sauti ya chini kama ugali upo. Tulicheka hadi Achieng akavua viatu chini ya meza. Sikufichi, nilikuwa na furaha. Nilikuwa nacheka na wewe umekufa, na sikuona vibaya, niliona kama umechelewa tu na unapanda ngazi.

Kabla ya chakula cha nne Shefu akasimama katikati ya ukumbi. Palikuwa pamejaa, daktari, mawakili, watu wa mahoteli mengine waliokuja kuchungulia. Akasema sahani zinazokuja sasa zimechongwa Tabaka na wanawake wawili. Akataja jina lako, lako na la baba yako, na akakuita mchongaji. Akasema hukujaliwa kuiona siku hii, lakini mwenzako ameketi pale. Watu wakapiga makofi. Fundi Mogaka alikuwa meza ya pili na mkewe, akapiga makofi mawili. Nikasema moyoni, sasa umesikia, mzee.

Ndipo harufu ikanifikia. Haikuwa ya samaki. Ilikuwa harufu ya ofisi asubuhi ya Jumatatu, sakafu imesuguliwa na jua limeingia. Wahudumu walikuwa wanatoka jikoni na sahani zetu, moto kutoka oveni, samaki wa Achieng juu yake, na polishi yangu inayeyuka chini ya samaki. Nilijua pale pale. Na pale pale nikakusikia. Mafuta ya kupikia tu, Moraa. Maneno yote uliyoniambia hospitalini yakanijia, hata sauti yako ilivyokuwa imekwaruza, yamechelewa wiki ngapi sijui.

Nitakuambia ukweli. Nilifikiria kunyamaza. Nilijiambia labda wengine hawatajua, labda watadhani ndivyo michuzi ya mahali ghali inavyonukia. Jina lako lilikuwa limetoka tu kutajwa mbele ya watu, na neno lililostahili, makofi hata hayajapoa. Nikisimama, ninaliondoa kwa mdomo wangu mwenyewe, na Mogaka ameketi pale anasikiliza. Nikamtazama Nyaboke. Alikuwa ameshanusa, mpiga msasa hawezi kukosa harufu hiyo, na alikuwa anatazama kitambaa cha meza. Mama mmoja wa meza ya mbele alikuwa tayari ameinua uma.

Nikasimama. Kiti kikaanguka nyuma yangu.

"Msile," nikasema. "Hizo sahani zina polishi ya sakafu. Ni mimi niliyepaka. Kwamboka alinikataza."

Yule mama akaweka uma chini polepole. Mogaka hakuinua hata sauti.

"Nilisema hawa wanacheza," akasema, na akakunja kitambaa chake cha mikono.

Shefu akachukua sahani moja kwa taulo, akainusa, akapitisha kidole gumba ukingoni, akakitazama kidole. Akawaambia wahudumu warudishe zote. Kisha akanitikisia kichwa nimfuate.

Niliingia jikoni nikijua nafukuzwa. Hakunipigia kelele, na heri angenipigia. Sahani aliyoshika ilikuwa moja ya zako, ile yenye mshipa wa waridi, na aliniuliza kama inaweza kupona au ndiyo imekwisha. Nikamwambia jiwe limekunywa lakini halijafa. Litachemshwa, lipigwe msasa upya kwa maji hadi tufike chini ya kilichoingia, kisha mafuta. Akauliza muda gani. Nikasema wiki mbili. Akafikiri. Akasema sawa, na siku hiyo lazima mimi Moraa nije nikae mezani nile kwanza, kabla mgeni yeyote hajagusa, na zikishindwa atanunua za kiwandani na hatatupigia simu tena. Sikuona ubaya wake. Angekuwa ndugu yangu ningemshauri hivyo hivyo. Samaki wakahamishiwa kwenye sahani nyeupe za kawaida, wakafika mezani vuguvugu.

Mlango wa nyuma ulikuwa wazi na nilikuwa nautazama. Nilitaka kushuka ngazi za takataka niende nyumbani nisionekane na mtu. Achieng alikuwa amenifuata, miguu mitupu, viatu mkononi. Akanishika kiwiko pale penye masinki.

"Umekuja kula," akasema. "Utakula yote saba."

Kwa hiyo nilirudi. Kutoka mlango wa jikoni hadi kiti changu ni hatua ishirini na moja, nilizihesabu ili nisiwatazame watu. Kiti kilikuwa kimeinuliwa. Nikala samaki, na Achieng akasema huyu hana kichwa, mtu anajuaje alikuwa nani. Nikala kuku wa kienyeji na ule ugali wa wimbi hatimaye, ukubwa wa yai, Nyaboke akaukaribisha kama mgeni wa kutoka mbali kisha akatoa ndizi zake kwenye mkoba bila haya na kutugawia. Nikala aiskrimu ya parachichi. Mwisho ikaja chai, majani ya vilima vya kwao Nyaramba, kwenye vikombe visivyo na mkono. Nyaboke amechuma chai tangu akiwa mtoto na dini yake haimruhusu kuinywa. Aliinua kikombe, akanusa mvuke muda mrefu, akasema kumbe ndivyo inavyonukia ikifika mwisho wa safari, akanisogezea mimi. Nikanywa viwili. Sahani zangu zote zilirudi jikoni tupu, na sikumpa mtu yeyote nafasi ya kuniona nimeinamisha kichwa.

Jumanne Mogaka akaitisha mkutano. Akasema jina la Tabaka limechafuliwa mbele ya wageni, kazi ya sahani ichukuliwe na wachongaji wenyewe, na akina mama warudi kwenye kazi wanayoijua. Wanaume wakaitikia, hata wale wanaotupenda. Nikaomba nafasi. Nikaegemea kiboko kikubwa cha mtu kisichomalizika, Kwamboka. Nikasema nina swali kwa fundi yeyote aliyepo. Katika zile sahani arobaini, kuna iliyoyumba? Kuna iliyopasuka kwenye oveni? Kuna iliyo nene upande mmoja na nyembamba mwingine? Walikuwa wamezishika zote kabla hazijaenda mjini, walizitafutia kosa asubuhi nzima wakakosa.

"Kosa langu nimelifanya kwenye polishi," nikasema, "kazi mnayosema ni yetu. Kwenye kuchonga, kazi mnayosema ni yenu, hamjapata kosa."

Mzee mmoja kule nyuma akaanza kucheka, si kwa ubaya, akasema huyu kweli amefundishwa na Kwamboka. Kicheko kikatambaa bandani. Mogaka akafunga daftari lake. Hakusema ndiyo, lakini hakusema tena hapana, na mkutano ukafungwa kwa maombi kama kawaida. Mke wake, aliyekuwa anaosha vinyago pale kwenye beseni wakati wote huo, hakuinua macho, ila nilimwona mabega yanatikisika.

Wiki hizo mbili sitazisahau. Tuliazima nusu pipa, tukachemsha sahani nne nne, polishi inaelea juu kama mafuta ya mchuzi wa mbuzi, tunaiengua kwa kijiko. Kisha msasa wa maji, wa mkwaruzo kwanza, halafu laini, halafu laini zaidi. Nyaboke alikuja kila siku isipokuwa Sabato. Achieng alikuwa akifunga kibanda chake mjini anakuja kutuimbia nyimbo za kwao, na kwa kuwa hajui msasa nilimpa kazi ya kubadilisha maji. Vifundo vya vidole vilichubuka vyote. Nilikuwa nikifika kwenye sahani yako naijua kabla sijaigeuza, kwa sababu ulikuwa unavuta kisu kutoka kushoto na ukingo wako una mwinamo ambao wangu hauna. Hapo niliusugua kwa upole. Niliondoa polishi yangu, kisu chako sikukiondoa.

Kisha mafuta ya kupikia tu. Mara tatu. Niliyaacha yanyonywe.

Jana ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Mkahawa haufunguliwi Jumatatu, tulikuwa mimi na Shefu peke yetu, viti vimepinduliwa juu ya meza. Alitia sahani oveni, tukasubiri. Nilinusa hadi kichwa kikaniuma. Akaitoa, akaweka samaki juu yake, mchuzi ukachemka kidogo pembeni, akanishushia kiti kimoja akanipa uma. Uma nikausukuma kando. Nilikula kwa mkono.

Nilikuwa naitafuta polishi kwenye kila tonge kama mtu anayetafuta mwiba. Haikuwepo. Ladha ya mafuta haikuwepo. Ya jiwe haikuwepo. Na wewe pia hukuwepo, Kwamboka, nilikutafuta. Alikuwa samaki tu, wa moto hadi tonge la mwisho. Nikaelewa kwamba hiyo ndiyo kazi uliyokuwa unanifundisha miezi yote ile, mtu ale ashibe asikufikirie hata kidogo. Tangu uzikwe sikuwa nimelia. Nililia pale na mdomo umejaa, machozi na mchuzi pamoja, na Shefu akageuka akajifanya anatafuta chumvi.

Sahani zimekubaliwa, zote arobaini. Ijumaa wageni watakulia juu yake. Na sasa anataka mabakuli, yenye ukingo mwembamba, na sijui bado ndani panachongwaje bila kutoboa upande wa pili. Wewe ungejua. Mimi nitatoboa mawili matatu, kisha nitajua. Nyaboke ameniuliza kama jiwe linaweza kumsikia mtu wa umri wake. Nimemwambia aje kesho alfajiri tulisikilize pamoja.

Nakuahidi mambo mawili. Sitamwambia tena mtu ndiyo kabla sijamsikia anachosema. Na panga sitaliweka chini, wala kwa Mogaka, wala kwa uzee, hadi aje mwingine wa kulishika.

Nakuacha sasa, dada yangu. Kuna mengi sijayasema, lakini jiwe la bakuli la kwanza nimelilowesha, na nikiendelea kuandika litakauka.

Wako,
Moraa